Dhiki Ilivyoingia Katika Tiba ya Unene

Katika miaka ya 1930, madaktari wengi wa Marekani waliamini kuwa mtoto mnene kupita kiasi ana hitilafu ya tezi. Hilde Bruch, daktari aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alianza mwaka 1937 kuwachunguza watoto wa aina hiyo mjini New York, akakuta tezi za wengi wao ni salama. Akageukia maisha ya nyumbani. Huko aliona chakula kikitumika kumtuliza mtoto hata pale alipokuwa na hofu wala si njaa. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, ila ilizaa dhuluma: lawama walitwishwa akina mama, wengi wao wahamiaji.

Mwaka 1955 daktari wa magonjwa ya akili Albert Stunkard alieleza habari za wagonjwa wasio na hamu ya kula asubuhi, wanaokula mno jioni na kukosa usingizi, hasa wanapobanwa na dhiki. Wapo wanaosema hisia ni kisingizio cha wasio na nidhamu. Lakini katika utafiti uliofanywa Minnesota, Marekani, mwaka 1945, vijana 36 wenye afya waliopunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita waliingiwa na huzuni na hasira, na waliporuhusiwa kula baadhi yao walishindwa kujizuia. Ni kweli, si kila mnene hula kwa huzuni. Urithi nao una nguvu. Hata hivyo, daktari anayempa mgonjwa orodha ya vyakula vya marufuku bila kumuuliza analalaje na anasumbuliwa na nini, hajamtibu.