Joto la Giaboksi ya Oto: Adui Aliyezaliwa Nayo

Leo mastaa tunawaacha wapumzike kidogo.

Kuna jamaa yangu mmoja, jina nalihifadhi. Pikapu yake ya oto ndio ilikuwa inalisha familia. Siku moja akapakia mzigo Kariakoo kupeleka Iringa. Katikati ya mlima Kitonga injini inalia, gari haliendi, harufu ya kuungua mpaka kwenye nguo. Fundi kuchomoa stiki ya giaboksi, oili inayotakiwa kuwa nyekundu imekuwa nyeusi kama kahawa. Giaboksi kwisha habari yake. Jamaa anauliza, "Mbona geji ya joto haikupanda?"

Jibu liko kwenye historia.

Mwaka 1905 mhandisi wa Kijerumani, Hermann Föttinger, alibuni njia ya kupitisha nguvu ya injini kwa kutumia kimiminika. Alikuwa anawaza meli, sio magari. Kwa lugha rahisi, ni kama feni mbili zinazotazamana ndani ya oili. Injini inazungusha ya kwanza, oili inasukuma ya pili. Hakuna chuma kinachoshikana na chuma, ndio maana oto linaondoka taratibu bila kukanyaga klachi. Ila oili ikisukumwa na kuteleza, inapata joto. Hilo halikwepeki.

Mwaka 1939 General Motors wa Marekani wakatangaza Hydra-Matic, oto ya gia nne, ikaingia kwenye Oldsmobile za 1940. Vita Kuu ya Pili ikaja, wakaifunga mpaka kwenye vifaru vya M5. Pikapu nazo zikafuata: Ford F-100 mwaka 1953, Chevrolet mwaka 1954. Hapo ndipo shughuli ilipoanza, maana pikapu inabeba na kuvuta. Mzigo ukizidi, kuteleza kunazidi, joto linapanda.

Wahandisi wakahangaika na hilo joto miaka na miaka. Mwaka 1949 Packard walileta klachi ya ndani inayozibana zile feni mbili gari likishachanganya, ili zisiteleze. Oili nayo ikapitishwa kwenye rejeta ipoe. Na hii mtashangaa: zamani oili ya giaboksi ilikuwa inachanganywa na mafuta ya nyangumi! Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ikapiga marufuku mafuta hayo, ikabidi watafute kemikali mbadala.

Sasa joto la kawaida ni lipi? Pikapu nyingi zikitembea vizuri, oili ya giaboksi inacheza kwenye nyuzi 80 mpaka 95 za Sentigredi. Ukipanda mlima na mzigo, kugusa 105 kwa muda mfupi sio kesi. Ikifika 115 na kukaa hapo, oili inaanza kuungua. Ikipita 125, sili za mpira zinakauka na kuwa ngumu. Mafundi wana hesabu yao ya zamani: kila joto likipanda nyuzi 11 juu ya kawaida, maisha ya oili yanakatika nusu. Gari za kisasa zingine zimetengenezwa kuvumilia joto zaidi kidogo, kwahiyo soma kitabu cha gari lako.

Turudi kwa jamaa. Geji aliyokuwa anaiangalia ni ya maji ya injini. Pikapu nyingi hazina geji ya giaboksi kabisa! Yaani alikuwa anaangalia mgonjwa mwingine.

Kwahiyo mwanangu, ukiwa na mzigo mlimani weka gia ndogo, usiliachie gari lihangaike kubadili lenyewe. Ukisikia harufu, paki pembeni, weka P, acha injini iunguruме taratibu ili oili iendelee kuzunguka na kupoa. Na uchungulie rangi ya oili kabla ya safari.

Jamaa sasa hivi anaendesha pikapu ya mtu mwingine. Anasema kwenye Kitonga hana haraka tena.

Wewe oto yako imewahi kukuaibisha wapi? Dondosha komenti hapo chini.