Jukwaa la Kapteni Komba

Kila tarehe 27 Februari, watu wa Songea tunapanda mtaa wa Mahenge. Tunapita mbele ya sanamu za manduna, viongozi wa Wangoni, tunasimama kwenye kaburi la pamoja la mashujaa wa Vita vya Maji Maji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, tunamkumbuka Nduna Songea Mbano, kisha ngoma ya lizombe inachezwa mpaka vumbi linatimka. Ni siku kubwa, na inastahili kuwa kubwa. Kesho yake mji unarudi sokoni na mashambani. Wachache hukumbuka kwamba hiyo kesho yake, tarehe 28 Februari mwaka 2015, mkoa wetu ulimpoteza mtu mwingine wa kukumbukwa. Kapteni John Damiano Komba alifariki Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka 60, akarudishwa kuzikwa kwao Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa.

Zaidi ya miaka 10 imepita. Ukilitaja jina lake leo, utajibiwa kwa wimbo. Wengine wataanza zile nyimbo za maombolezo ya Mwalimu Nyerere za Oktoba 1999, ambazo redio zilizipiga usiku na mchana mpaka nchi nzima ikazijua. Wengine watakumbuka nyimbo za kampeni za CCM. Wa Nyasa watakukumbusha kuwa alikuwa mbunge wao, wa jimbo la Mbinga Magharibi, tangu mwaka 2005. Yote ni kweli. Lakini kazi aliyoifanya kwa miaka mingi, kazi iliyompa njia ya kufika huko kote, ilikuwa ya ukurugenzi wa kundi la sanaa za jukwaani lililokuwa likiuza tiketi mlangoni. Kundi hilo ni Tanzania One Theatre, TOT. Hiyo ndiyo historia ninayoona tunaiacha ipotee.

Tuanzie ziwani. Kutoka Songea unapita Kitai, unashuka mpaka Lituhi, karibu na pale mto Ruhuhu unapomwaga maji yake Nyasa. Watoto wa mwambao ule hukulia katikati ya mambo mawili: kwaya ya kanisani na ngoma ya mganda. Aliyewahi kuuona mganda hausahau. Wanaume wamevaa mashati na kaptula nyeupe, soksi zimevutwa mpaka magotini, wamepanga mstari kama askari wa gwaride. Ngoma kubwa inapiga, filimbi inalia, mstari wote unageuka kwa pamoja. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, alionyesha jinsi ngoma za namna hii zilivyozaliwa kutokana na bendi na kwata za askari wa kikoloni, watu wa kawaida wakazichukua na kuzifanya zao. Wanawake wana kioda, nayo ina heshima yake. Komba alifundisha shule ya msingi, kisha akaingia Jeshi la Wananchi, na huko jeshini jina lake likakua kupitia kwaya. Mimi husema kwamba mtu wa mganda hakupata taabu kuzoea jeshi. Kusimama kwa mstari, kuitikia kiongozi, kumaliza pamoja, yote hayo alikuwa ameyaona kwao kabla hajavaa gwanda.

Historia ya jukwaa la nchi yetu yenyewe inajulikana. Baada ya Uhuru, serikali iliunda kundi la taifa la ngoma, ikapeleka vijana China kujifunza sarakasi, na mwaka 1974 likaja kundi la taifa la maigizo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimtoa Ebrahim Hussein, ambaye tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, iliviweka Vita vya Maji Maji jukwaani. Makundi ya taifa yakavunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa mwaka 1981. Viwanda na mashirika ya umma nayo yakawa na vikundi vyao vya ngoma na maigizo, na mashirika yalipoyumba, vikundi vikayumba nayo.

Vilivyobaki vilikuwa vile vilivyojifunza kuishi kwa kiingilio. Hapa ndipo sanaa ya jukwaani ilipokuwa biashara kweli, na ukumbi wake ulikuwa baa. Ukienda ukumbi wa DDC Kariakoo au Magomeni Kondoa, ulikuwa unanunua tiketi moja na kupata mambo chungu nzima. Jioni ilianza na ngoma za makabila, ikaja kwaya, ikaja sarakasi, vikafuata vichekesho, ikapigwa taarab, na katikati ya hayo yote likaingia igizo lenyewe, lile lililowafanya akina mama wavute viti mbele. Siri Lange, mtafiti kutoka Norway aliyefuatilia maonyesho hayo miaka ya 1990, ameeleza kwa kirefu jinsi maigizo yale yalivyozungumza na wanawake wa mjini. Visa vilikuwa vya ndoa, ukewenza, uchawi, binti aliyetoka kijijini akapotelea mjini, mume aliyeficha mshahara. Watazamaji hawakukaa kimya. Walimwonya mke kuwa mchawi yuko nyuma yake, wakamzomea mume.

Igizo lile halikuandikwa popote. Kiongozi wa maigizo aliwakusanya wasanii na kuwasimulia kisa. Kuna mume, kuna mke, kuna mganga, kuna mgeni wa kutoka bara. Wewe utaingia akishatoka huyu, ugomvi utaanzia hapa, mwisho utakuwa hivi. Maneno kila mmoja alijitungia mwenyewe papo hapo, akimsikiliza mwenzake kwa sikio moja na ukumbi kwa sikio la pili. Watu wakicheka, unarefusha. Wakianza kuitana wahudumu wa bia, unafupisha. Sisemi kwamba Komba ndiye aliyetunga kila igizo la TOT, kwa sababu kila fani ilikuwa na watu wake. Kazi ya mkurugenzi ilikuwa kuishika jioni nzima mkononi: nani atangulie, nani afunge, nani ameanza kuchosha watu, nani aongezewe nafasi kabla hajachukuliwa na kundi jingine.

Kazi hiyo si ngeni duniani. Katikati ya karne iliyopita, pale Broadway mjini New York, walikuwapo waongozaji walioishi kwa tiketi hivyo hivyo. George Abbott, aliyefikisha miaka 107 kabla ya kufariki mwaka 1995, alisifika kwa kukata bila huruma kila kilichomchelewesha mtazamaji, na michezo kama The Pajama Game ya mwaka 1954 ikajaza kumbi. Elia Kazan aliongoza A Streetcar Named Desire mwaka 1947 na Death of a Salesman mwaka 1949. Nawataja kwa sababu moja tu. Mwanafunzi wa leo, hata aliye Songea, akitaka kujua Kazan alikuwa akiongoza nini, atafungua kitabu na kusoma tamthilia ile kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Akitaka kujua TOT iliigiza nini mwaka 1994, hana pa kufungua.

Sasa tufike kwenye ugomvi, maana ndio uliozipa jina kumbi zile.

Kabla ya TOT, mfalme wa kumbi alikuwa Muungano Cultural Troupe, kundi la Norbert Chenga. Lilikuwa kundi la mtu binafsi, lililojijenga lenyewe miaka ya 1980, shilingi kwa shilingi. Mwaka 1992 nchi ikarudi kwenye vyama vingi, na mwaka huohuo CCM ikaanzisha TOT, Kapteni Komba akiwa kiongozi wake. Lilizaliwa likiwa na meno tayari. Lilikuwa na vyombo vizuri, lilikuwa na uwezo wa kulipa, na likaanza kuchukua wasanii wa makundi mengine, Muungano wakiwamo. Kutoka Zanzibar akaletwa Khadija Kopa, sauti iliyokuwa imeng'ara Culture Musical Club. Kwa hili simtetei ndugu yetu. Kundi lililojengwa kwa jasho la mtu mmoja kushindanishwa na kundi lenye mkono wa chama tawala nyuma yake hakukuwa sawa, na malalamiko ya Muungano yalikuwa na msingi.

Lakini Muungano hawakulala. Walikuwa na mwimbaji Nasma Khamis, na kati yake na Khadija Kopa kukazaliwa ushindani ambao mtu yeyote aliyekuwa na redio miaka ile anaukumbuka. Upande mmoja ukitoa wimbo, mtaa mzima unajiuliza umeelekezwa kwa nani. Wiki chache baadaye jibu linakuja, na jibu la jibu. Ndipo jina la mipasho, nyimbo za kurushiana maneno, lilipokolea. Wazee wa taarab waliokuwa wakisikiliza wakiwa wametulia kwenye viti, wakipima fumbo kwa utulivu, walisikitika sana. Vijana, na hasa akina mama, walifurika. Watu walijigawa kama Simba na Yanga, na makundi mawili yalipokutanishwa kwenye jukwaa moja usiku mmoja, tiketi hazikutosha.

Kelly Askew, Mmarekani aliyeishi Tanga miaka ya 1990 na kuandika kitabu kinachoitwa Performing the Nation, ametuachia maelezo mazuri kuhusu kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha jukwaani. Nilipoyasoma nilirudi utotoni, siku shangazi yangu aliponichukua kwenye onyesho kwa kuwa hakuwa na wa kuniachia. Mama mmoja wa meza ya jirani alikaa nyimbo tatu bila kujitikisa. Wimbo wa nne ulipofika kwenye ubeti fulani, akainuka taratibu. Akaifunga kanga upya kiunoni. Akaitoa noti, akaikunjua, akaishika juu kwa vidole viwili kila mtu aione, akaanza kwenda mbele kwa mwendo wa kucheza. Hakwenda moja kwa moja. Alizunguka kwanza kwenye meza nyingine, ambako alikaa mwanamke mwingine, akasimama hapo kidogo, akageuka mgongo. Ndipo akapanda kumtunza mwimbaji. Hakutamka neno. Shangazi akaniinamia akaniambia, "Umeona? Keshamwambia." Wimbo uliofuata, yule wa pili naye akainuka na noti yake.

Kwa hiyo ugomvi wa makundi mawili ulikuwa umewapa watu wa kawaida lugha ya kugombana bila kugombana. Hilo lilikuwa ni jambo kubwa. Lakini lilikuwa na gharama yake, na iliyolipa ni igizo. Kadiri mipasho ilivyopanda, ndivyo watu walivyofika wakiisubiri taarab tu, na saa za maigizo zikabanwa. Halafu mwaka 1994 televisheni ikaingia Tanzania Bara. Ndani ya miaka michache, waigizaji wenye vipaji wakawa wanaonekana sebuleni bure, Kaole Sanaa Group wakiwa ITV kila wiki. Nani tena alipe kiingilio na nauli ya usiku kwenda kutazama ndoa ya kuigiza baa? TOT ikawa TOT Plus, dansi ikachukua nafasi, mwanamuziki Banza Stone akapita hapo. Zikaja filamu za kanda. Komba akaingia bungeni, na mwaka 2014 akakaa kwenye Bunge Maalumu la Katiba. Mwaka uliofuata akafariki.

Wanafunzi wa sekondari hapa Songea wamekuwa wakisoma Ngoswe ya Edwin Semzaba, Kilio Chetu na Orodha. Ni tamthilia nzuri, na sina ugomvi nazo. Lakini maigizo yaliyojaza kumbi za Kariakoo na Ilala, ambayo maelfu ya watu waliyatolea fedha zao wenyewe wiki baada ya wiki, hayamo kwenye silabasi yoyote, kwa sababu hayakuandikwa. Aliyejitahidi kuyafuatilia kwa kina ni mgeni kutoka Norway. Inaniuma kuisoma historia ya ndugu yetu wa Lituhi katika tasnifu ya Kiingereza iliyoandikwa Bergen, wakati wenzake aliopanda nao jukwaani wengine wako hai, wana kumbukumbu, na hakuna anayewauliza. Kwenye tamasha la Majimaji Selebuka tunacheza lizombe na mganda hapa mjini, na vijana wanarekodi kila hatua kwa simu zao. Simu hizohizo zingeweza kuwekwa mbele ya msanii mmoja mstaafu wa TOT au wa Muungano, akaombwa asimulie igizo moja tu, tangu mume anaingia mpaka mwisho.

Nimejaribu mwenyewe kwa shangazi. Ni mtu mzima sasa, lakini kichwa chake ni kizima. Nilimwomba anisimulie igizo la siku ile. Akaanza vizuri: kulikuwa na mume aliyesafiri, mke amebaki na mama mkwe, mama mkwe akaleta mganga. Aliigiza hata sauti ya mganga. Kisha akasita. Akaangalia dari, akahesabu kwa vidole walioingia na waliotoka. "Halafu akaja yule mke mdogo," akasema, "akavaa ile kanga... Hebu ngoja." Tukangoja. Mwisho wa igizo haukuja. Badala yake ukamjia wimbo wa Khadija Kopa uliofuata baada yake, akauimba wote.