Uzi: Nani aliingiza jiko la makaa chumbani?

Kila Juni na Julai, Nairobi ikishika baridi, mjadala huwa ule ule. Familia inapatikana asubuhi haijaamka, jiko likiwa katikati ya chumba. Ama ploti nzima inaungua usiku. Redioni mwanasiasa mmoja anasema wananchi ni wazembe, mwingine anasema serikali imelala. Mimi naishi Tassia na naona wote wawili wanaruka historia. Twende pole pole.

Tuanze na jiko lenyewe. Hili la bati lenye udongo ndani, ambalo hapa mtaani liko karibu kila nyumba, lilianza kutengenezwa mapema miaka ya 1980, baada ya bei ya mafuta kupanda duniani na watu kuanza kuogopa misitu itaisha. Mfano ulitoka kwa jiko la ndoo la Thailand, mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo wakaligeuza likawa la kwetu. Linakula makaa kidogo na linakaa na joto muda mrefu. Kazi nzuri, sina ubishi. Lakini lengo kuu lilikuwa kuokoa makaa, na joto hilo hilo linalodumu ndilo linakufanya ulilete karibu na kitanda.

Makaa yakishaiva hayatoi moshi wa kuonekana, kwa hivyo mtu anaona ni salama. Bado yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo inachukua nafasi ya oksijeni kwa damu. Kichwa kinauma, unasikia kutapika, miguu inalegea, halafu usingizi. Julai ya mwaka juzi gesi iliisha kwetu katikati ya mwezi. Mama akaingiza jiko, tukafunga dirisha sababu ya baridi. Mdogo wangu aliamka akitapika, na sisi tukadhani ni chakula. Mama wa nyumba ya pili ndiye aligonga, akaona jiko, akatuambia tutoke nje wote saa hiyo hiyo.

"Si mngenunua gesi?" Sawa, tuangalie kodi basi. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma, na makaa yakapanda bei. Septemba mwaka huo huo mafuta ya taa yakawekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, ili walaghai waache kuyachanganya na dizeli. Sababu zote mbili zilikuwa na maana. Lakini aliyekuwa akipikia stovu ya mafuta ya taa kwa singo rumu hakuwa anachanganya dizeli ya mtu. Akaambiwa ahamie gesi. Halafu Julai 2021 gesi ya kupikia ikarudishiwa VAT ya asilimia 16. Mwaka 2022 ikashuka hadi 8, na 2023 ikaondolewa. Ukifuata hizo tarehe, utaona kwa nini nyumba moja ina mtungi wa kilo sita, stovu, na jiko, zote chini ya kitanda kimoja.

Gesi nayo ina siasa zake. Usiku wa Februari 1, 2024, kule Mradi, Embakasi, si mbali na sisi, gesi ililipuka na zaidi ya watu 270 wakajeruhiwa, wengine wakafa. Mamlaka ya kawi ilisema ilikuwa imekataa maombi ya leseni ya kituo hicho mara tatu mwaka 2023. Kukataa karatasi na kufunga geti ni vitu viwili tofauti, na hapo hakuna mkaaji wa kulaumiwa.

Sasa gari la zimamoto. Kila mgombea wa ubunge huahidi moja, lakini Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa kaunti kazi ya kuzima moto. Ukitaka kuuliza, uliza gavana na MCA wako. Na hata gari likija, litapitia wapi? Ardhi ya Tassia ilikuwa ya NSSF, na watu walijenga kabla ya barabara na maji taka kuwekwa. Mwaka 2014 mradi wa kuziweka, wa takriban shilingi bilioni 5, uliishia kuwa mzozo bungeni. Maghorofa hayakungoja mzozo uishe. Leo kuna vichochoro vyetu ambavyo pikapiki ikiingia, lazima irudi kinyumenyume.

Kwa sasa, baridi ikizidi: washa jiko nje, upike dirisha likiwa wazi, na usilale nalo ndani hata kama linaonekana limezima. Majivu huficha makaa mazima. Mtu akiamka na kichwa na kutapika, mtoe nje kwanza, maswali baadaye, kisha hospitali.

Mama siku hizi huliacha koridoni usiku kucha. Tuko ghorofa ya nne, na koridoo hiyo ndiyo njia yetu pekee ya kufika kwa ngazi.