Kilio cha Daudi, Kilio cha Mollie: Biblia katika Riwaya za Kusini mwa Marekani

Visa vya Biblia katika riwaya za Kusini mwa Marekani aghalabu huchukuliwa kuwa ishara tu ya ucha Mungu wa eneo hilo. Makala haya yanashikilia kwamba visa hivyo ni uwanja wa mgogoro wa kihistoria. Kabla ya vita vya 1861-1865, watetezi wa utumwa waliutegemea mno mkasa wa Nuhu na Hamu (Mwanzo 9), ilhali aliyelaaniwa humo ni Kanaani. Watumwa nao, katika Kitabu hicho hicho, walishika habari za Kutoka, wakamwona bwana wao katika sura ya Farao.

William Faulkner alizirithi fasiri zote mbili. Anwani ya Absalom, Absalom! (1936) inatokana na 2 Samweli 18:33, ambapo Daudi anamlilia mwanawe aliyemwasi. Kama ilivyokuwa katika nyumba ya Daudi, ndugu anamuua ndugu kwa ajili ya dada: Henry Sutpen anampiga risasi Charles Bon, ndugu yake wa baba mmoja, aliyetaka kumwoa Judith. Hata hivyo, uzito umo katika tofauti. Daudi alimlilia hata mwana muasi; Thomas Sutpen hamkiri Bon kuwa mwanawe kwa sababu, kama wasimulizi wanavyokisia, ana damu ya Kiafrika. Hivyo basi, anwani ya riwaya ni kilio ambacho baba hakulia.

Katika Go Down, Moses (1942), anwani yatoka kwenye wimbo wa watumwa. Isaac McCaslin anagundua katika madaftari ya hesabu za shamba kwamba babu yake alizaa na binti yake mwenyewe, aliyekuwa mtumwa. Mwenye jina la Isaka, mwana wa ahadi, anaukataa urithi. Lakini kukataa kwake hakumkomboi mtu. Mwishoni kilio kinatoka kwa Mollie, bibi mweusi anayeomboleza kuwa mjukuu wake ameuzwa kwa Farao.

Zora Neale Hurston alikuwa amekwisha kumpa Musa mwenyewe usemi wa watu weusi wa Kusini katika Moses, Man of the Mountain (1939). Humo, waliovuka bahari wangali na utumwa mioyoni mwao.

Kwa hiyo, mhakiki asitosheke kubainisha kisa kilichokopwa. Aulize pia: ni nani anayepewa haki ya kulia, na ni nani anayeitwa mwana?