Uholanzi na Mitaa Isiyotanuka

Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000 nchini Uholanzi, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Baiskeli ilikuwa usafiri wa kila nyumba huko tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini magari yalipoongezeka, barabara zilipanuliwa kwa ajili yake. Pasipopanulika, aliyenyimwa nafasi alikuwa mwendesha baiskeli.

Mmoja wa watoto hao alikuwa binti wa mwandishi wa habari Vic Langenhoff. Mwaka 1972 baba huyo aliandika katika gazeti la De Tijd makala ya uchungu, akitaka mauaji ya watoto yakomeshwe. Wito huo ukawa jina la vuguvugu, na wazazi wakaanza kufunga mitaa ili watoto wao wacheze. Mwishoni mwa 1973 mafuta yalipoadimika, serikali ya Joop den Uyl ilizuia magari siku za Jumapili. Watu wakatembea na kuendesha baiskeli hadi kwenye barabara kuu, wakajionea nafasi ambayo gari lilikuwa limeimeza.

Serikali ikagharimia njia za baiskeli za mfano katika miji ya Den Haag na Tilburg. Huko Den Haag, wenye maduka walipinga vikali, wakihofia kupoteza wateja. Njia zilijengwa, zikapendwa, ila nyingi ya baiskeli zilizoonekana humo zilikuwa zimehama tu kutoka mitaa ya jirani. Njia moja nzuri inayoanzia na kuishia kwenye hatari haimtoi mtu nyumbani. Ndipo mji wa Delft, katika miaka ya 1980, ukajenga mtandao wa njia za baiskeli wa mji mzima.

Hapo ndipo mtaa mwembamba ulipokuwa kizuizi kikubwa, maana mtandao hauwezi kuruka mitaa ya zamani iliyobanwa kati ya nyumba na mfereji. Chukua mtaa wa mita 5.5. Magari mawili yakipishana yanakula takriban mita 4. Inabaki mita 1.5, yaani sentimita 75 kila upande: upana wa mtu na baiskeli yake, bila nafasi ya kuyumba hata kidogo upepo unapovuma. Kuchora mstari wa njia ya baiskeli hapo ni kumdanganya mwendesha baiskeli. Kuukatiza mstari ni vibaya zaidi, kwa sababu unamtupa mbele ya lori mahali pale pale alipouhitaji.

Wahandisi wa Uholanzi walichukua muda kukubali kwamba kinachopaswa kupungua ni mwendo na wingi wa magari. Delft ilikuwa imeonyesha mwanga mapema, ilipogeuza mitaa ya makazi kuwa mahali pa kuchezea, gari likipita polepole kati ya miti na vikwazo. Sheria ikautambua mpango huo mwaka 1976. Kisha ikaja mitaa ya kilomita 30 kwa saa, na baadaye mtaa wa baiskeli: lami nyekundu ukingo hadi ukingo, na kibao kinachosema gari ni mgeni.

Hata huo haukufaulu mara moja. Utrecht ilijaribu mwaka 1996 katika Burgemeester Reigerstraat, ikaweka kigawanyo katikati ili gari lisiweze kuipita baiskeli. Magari yalikuwa mengi mno, madereva wakachoka kufuata nyuma, na mpango ukaondolewa. Nadhani kushindwa huko kulifundisha zaidi kuliko ushindi mwingi: magari ya kupita njia yaelekezwe kwingine kwanza, na baiskeli ziwe angalau maradufu ya magari yanayobaki, ndipo rangi nyekundu iwe na maana.

Amsterdam, yenye mitaa mingi isiyo na nafasi ya kutenga njia, ilifuata wazo hilo hilo la kupunguza mwendo. Tangu tarehe 8 Desemba 2023, kikomo cha mwendo kwenye barabara zake nyingi ni kilomita 30 kwa saa.