Hofu Ikipungua, Bwawa Hufungwa: Historia Fupi ya Michezo ya Kiangazi kwa Watoto wa Miji ya Marekani



Kila mwaka shule za huku Marekani zikifungwa mwezi wa Juni, wazazi wengi wenzetu huanza hesabu ile ile. Wiki kumi nzima watoto wako nyumbani, baba yuko kazini, mama yuko kazini, na bibi wa kuwaangalia yuko ng'ambo ya bahari. Wenye uwezo hulipia kambi. Wasio nao hutegemea bustani ya jiji, bwawa la jiji na kiwanja cha mpira wa kikapu cha mtaani. Hivi tumewahi kujiuliza vitu hivyo vilitoka wapi, na nani aliamua kuvilipia? Naomba mnivumilie kidogo, manake jibu lake linatuhusu sana sisi tunaoomba fedha kwa ajili ya watoto wetu.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Mwaka 1877 mchungaji mmoja, Willard Parsons, alianza kuwapeleka watoto maskini wa New York mashambani wakapumue hewa safi, na ndiyo asili ya Fresh Air Fund iliyopo hadi leo. Mwaka 1885, huko Boston, akina mama wa chama cha hisani walimwaga lundo la mchanga katika uwanja wa kanisa ili watoto wa wahamiaji wapate pa kuchezea wakati wa joto. Wazo lenyewe lilitoka Berlin. Mbuyu ulianza kama mchicha: mwaka 1906 kikaundwa chama cha taifa cha viwanja vya michezo, na Rais Theodore Roosevelt akawa rais wake wa heshima.

Sasa tusidhani yote hayo yalikuwa mapenzi matupu kwa watoto. Wakubwa wa wakati ule waliwaogopa watoto wa Kitaliana, wa Kiyahudi na wa Kiairishi waliojaa mitaani. Waliona mchezo unaosimamiwa utawafanya raia watiifu. Huruma ilikuwepo, lakini na hofu pia.

Tena kuna jambo la rangi. Tarehe 27 Julai 1919, siku ya joto kali huko Chicago, kijana Mweusi wa miaka 17 aitwaye Eugene Williams alikuwa akielea na wenzake juu ya chelezo katika Ziwa Michigan. Chelezo kikavuka mpaka ambao haukuandikwa popote, uliotenga upande wa Weusi na upande wa Wazungu. Mzungu mmoja akawarushia mawe, na Williams akafa maji. Polisi aliyekuwa pale akakataa kumkamata mtu aliyeonyeshwa. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38: Weusi 23 na Wazungu 15. Tume iliyochunguza ikatoa ripoti mwaka 1922, na ndani yake viwanja, bustani na fukwe vilijadiliwa kwa kirefu. Kwa hiyo mahali pa mtoto kuoga wakati wa joto palikuwa suala la uhai na kifo tangu zamani.

Kisha ukaja mdororo wa uchumi. Majira ya joto ya mwaka 1936 jiji la New York lilifungua mabwawa makubwa 11, yaliyojengwa kwa fedha za serikali kuu na nguvu za watu waliokuwa hawana kazi. Meya alikuwa La Guardia, na msimamizi wa bustani Robert Moses. Mabwawa yale yalichukua maelfu ya waogeleaji kwa wakati mmoja, na moja lilijengwa Harlem. Hapa kichocheo kilikuwa ajira, watoto wakafaidika pembeni.

Turukie Julai 1966, Chicago tena. Joto lilikuwa kali, na watoto wa mitaa ya magharibi wakafungulia mabomba ya zimamoto ya barabarani wajimwagie maji, jambo ambalo watoto wa miji ya huku wamelifanya miaka nenda miaka rudi. Polisi wakaja kuyafunga. Mabwawa ya jirani yalikuwepo, lakini mengi mtoto Mweusi hakuweza kuyaendea kwa usalama. Zikazuka ghasia za siku kadhaa, na gavana Otto Kerner akapeleka askari wa akiba wa jimbo. Na Meya Daley je? Baada ya kukutana na Martin Luther King na wenzake, akakubali kuweka vinyunyizio katika mabomba na kuleta mabwawa ya kuhamishika. Vitu vilivyokuwa haviwezekani vikawezekana mara moja, baada ya moto kuwaka.

Mwaka uliofuata Rais Johnson alimteua Kerner huyo huyo kuongoza tume ya kuchunguza ghasia za miji. Ripoti yake ya mwaka 1968 ilipanga malalamiko ya watu Weusi kwa uzito. Daraja la kwanza lilikuwa polisi, ajira na nyumba. Katika daraja la pili, pamoja na elimu duni, yaliwekwa maeneo na programu mbovu za michezo na burudani. Wengi hushangaa wakisoma hapo, lakini aliyelea watoto ghorofa ya tano bila kipoza hewa hashangai.

Fedha zikamiminika. Programu ya taifa ya michezo kwa vijana ikaanza mwishoni mwa miaka ya 1960: vyuo vikuu vikafungua viwanja vyao kiangazi kwa watoto wa familia maskini, wakacheza, wakapimwa afya, wakala chakula cha moto. Miaka ikapita, ghasia zikasahaulika, na mwaka 2006 serikali kuu ikakata fedha zake. New York nayo, bwawa la McCarren lililofunguliwa mwaka 1936 lilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, likafunguliwa tena mwaka 2012. Karibu miaka thelathini! Hesabuni wenyewe ni watoto wangapi wa Brooklyn walikua humo katikati.

Mfano mwingine ni mpira wa kikapu wa usiku wa manane. Ulianzishwa mwaka 1986 katika mji mdogo wa Glenarden, Maryland, na G. Van Standifer, aliyeona kwamba uhalifu unazidi kati ya saa nne na saa nane usiku. Akawaalika vijana wa miaka 17 hadi 21 wacheze saa hizo hizo. Rais Bush mkubwa aliisifu mwaka 1991. Lakini mwaka 1994, katika mjadala wa sheria ya uhalifu ya Rais Clinton, mpira ule ule ukageuzwa kichekesho Bungeni, mfano wa fedha zinazochezewa. Kijana yule yule, uwanja ule ule. Kilichobadilika ni siasa tu.

Hata watafiti tumeingia humo. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mzuri wa Sara Heller kuhusu vijana 1,634 wa Chicago: waliopewa nafasi ya kazi ya kiangazi walikamatwa kwa makosa ya ukatili pungufu kwa asilimia 43. Ni habari njema. Lakini angalieni kipimo chenyewe: idadi ya waliokamatwa. Mtoto wa tajiri akienda kambini, nani hupima kama atakamatwa?

Hapo ndipo hoja yangu. Vyama vyetu huku, vya Wakongomani, Warundi, Wasomali Wabantu na wengineo, vikiomba ruzuku huandika kwamba vijana wetu wako hatarini kuingia magenge. Najua kwa nini: fedha hufuata lugha hiyo. Lakini historia inatuonya kwamba kinachotolewa kwa hofu huondoka na hofu, na mtoto hubaki na alama ya mtuhumiwa.

Tuwe na mfano wa Holcombe Rucker, mfanyakazi wa bustani wa Harlem. Kufikia mwaka 1950 alikuwa ameanzisha mashindano ya kiangazi, akikagua ripoti za shule za vijana wake na kuwatafutia nafasi vyuoni. Alifariki mwaka 1965, mashindano yakaendelea, nyota kama Wilt Chamberlain na Julius Erving wakacheza humo. Aliwaona kama wanafunzi na wachezaji, na mtaa ukayalinda mashindano kama mali yake.

Kwa kifupi, tudai bustani, mabwawa na makocha kwa sababu watoto wanastahili, nasi tunalipa kodi kama wengine. Tuhudhurie vikao vya halmashauri miezi ya bajeti, siyo Juni mambo yakishaisha. Na wazazi wajulishwe kwamba chakula cha bure cha kiangazi, kilichoanza kwa majaribio mwaka 1968, bado kipo: katika vituo vilivyo wazi kwa wote, mtoto wa miaka 18 kushuka chini hula bila kujaza fomu.

Ni hayo tu. Mwenye hoja tofauti aseme, nitamsoma kwa furaha.

Wasalaam.