Henry Seebohm na Majina ya Ndege

Henry Seebohm alizaliwa Bradford, Uingereza, mwaka 1832, akafariki mwaka 1895. Mali yake ilitokana na biashara ya chuma cha pua mjini Sheffield. Moyo wake ulikuwa kwa ndege. Mwaka 1875 alisafiri na Harvie-Brown hata mto Pechora, kaskazini ya Urusi, wakakuta viota vya ndege wa ufukoni ambao baridi ya huko ikiingia huja hata pwani ya Kenya na Tanzania. Mwaka 1877 alifika Yenisei, Siberia.

Lakini liwahusulo zaidi wanalugha ni shauri lake juu ya majina. Wataalamu wengi walishika kwamba jina lililotangulia kuchapishwa ndilo la haki, ijapokuwa limesahauliwa na watu wote. Seebohm alikataa: jina la haki ni lile litumiwalo na waandishi walio wengi, *auctorum plurimorum*. Hoja hiyo ina kasoro, kwani wingi wa waandishi hugeuka. Hata hivyo, ni nani asemaye lugha kwa kufuata tarehe za uchapaji? Kanuni ya kutangulia ndiyo iliyoshinda. Bali majina ya maneno matatu kwa aina ndogo za ndege, aliyoyatetea vilevile, yangali yakitumika.